Taa Zilizowaka Kila Gari Liliposhuka Bombo

Vueni saa. Vueni na pete, hata za ndoa, wenzenu watawaelewa. Aliye na cheni shingoni aiweke mfukoni. Kisha chomoeni ile plagi ya rangi ya chungwa iliyo nyuma ya gari, na aliyeichomoa akae nayo mwenyewe, asiiache mezani ambapo mtu mwenye nia njema anaweza kuirudisha. Kaeni chini dakika kumi bila kugusa kitu. Zikiisha, vaeni glavu za mpira ambazo mmeshazijaza pumzi kama puto kuona kama zina tundu, pimeni kwa mita, na mita ikisoma sifuri ndipo mshike spana.

Naanza na hayo kwa sababu najua wengine wenu, mafundi vijana, mtasoma ukurasa mmoja tu kisha mtakwenda kufungua betri ya mtu. Gari la haibridi linatembea kwa injini ya petroli na mota ya umeme, kwa zamu au kwa pamoja, na betri yake kubwa ina volti zaidi ya mia mbili. Si ile ndogo ya volti kumi na mbili tunayoibeba kwapani. Mkishavua saa, tunaweza kuzungumza.

Swali mnaloniletea kila mara ni lilelile. Tumebadilisha betri kubwa, gari limetembea vizuri, baada ya siku mbili taa zimerudi, tufanyeje? Jibu langu ni habari ya gari moja, la Mzee Mbonea wa Bombo, kijiji cha mlimani. Ni jibu refu, lakini vumilieni, maana hata leo nikilifikiria gari lile najikuta nimesimama.

Mzee Mbonea aliendesha malori tangu mimi nikiwa kijana. Alipostaafu aliuza ng'ombe wawili na tangawizi ya misimu kadhaa, akaagiza haibridi ya mtumba kutoka Japani, ndogo, nyeupe, tumbo karibu liguse ardhi. Mtu mwingine asingethubutu kuipandisha Bombo. Yeye aliipandisha, kwa sababu alilijua kila jiwe la barabara ile kama mtu anavyojua meno yake. Akawa anabeba abiria na mizigo midogo mpaka Same na kurudi.

Siku alipokuja gerejini kwangu Same gari lilikuwa limevutwa kwa kamba kutoka Kisiwani, kijiji cha bondeni njiani. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba," alisema. "Lakini mimi mzima. Liamkie hilo gari."

Kwenye dashibodi ilikuwa imewaka pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, na pembeni yake taa nyingine nne, ya breki, ya injini, ya gari linaloteleza, na moja ambayo sikuifahamu. Kabla sijafungua hata boneti alinieleza shida yake yenyewe, na haikuwa gari. Binti yake Nakiete alikuwa mjamzito kwa mara ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na safari hii daktari alikuwa ameshasema asisubiri uchungu huko juu; aletwe hospitali Same wiki moja kabla. Mumewe alikuwa kazini mbali. Magari mengine yaliyokuwa yakishuka kutoka kwao ni pikapu za tangawizi, abiria juu ya magunia, na mama yake Nakiete alikuwa amekataa pikapu moja kwa moja.

"Tuna wiki nne," Mzee Mbonea alisema. "Nipe jibu la mtu mzima, fundi. Linapona, haliponi?"

Nilimwambia linapona. Nilikuwa sijawahi kufungua betri ya haibridi hata moja. Hakuna aliyekuwa amefungua, tangu Mwanga mpaka Same, kwa kadiri nilivyojua. Nilikuwa nimesoma tu, na mikono ilikuwa ikiniwasha.

Betri ile ilikufa kifo ambacho mtakiona mara nyingi milimani kwetu. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye vipenyo kama vya kichujio. Watu wanadhani ni spika. Ni pua ya betri: hapo ndipo inapovuta hewa ya kujipoza. Mzee Mbonea alikuwa akiegemeza gunia la tangawizi hapohapo, kila safari. Nilipoitoa feni yake ilikuwa imevaa koti la udongo mwekundu, mizizi midogo na unyoya mmoja wa kuku. Betri ilikuwa imepikwa taratibu mwaka mzima. Nilimwonyesha unyoya ule. Alisema kuku huyo alikuwa wa mchungaji na alilipiwa nauli.

Tuliagiza betri iliyotumika kutoka Dar, ikaja kwa basi imefungwa kwa blanketi. Wakati tunaingoja nilisafisha kila kitu, na hapa niwaambie nilijifunza wapi kusafisha.

Sikusoma chuo cha ufundi. Vitabu vya magari vya Kiingereza nilivisoma nikiwa na kamusi gotini, lakini kabla ya vitabu kulikuwa na Mzee Ntakiye, Mha wa Kigoma, fundi umeme wa shamba la mkonge bondeni. Ilikuwa miaka ya shida. Betri mpya ilikuwa kitu cha kuombea kibali, na kibali chenyewe kilihitaji mtu. Kwa hiyo tulizipasua zilizokufa. Tuliyeyusha lami ya juu kwa kisu cha moto, tukatoa bamba zilizooza, tukapandikiza bamba za betri nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Maji ya betri tulikinga ya mvua, kwenye beseni la plastiki katikati ya uwanja, mbali na paa, maana maji ya bati yana kutu. Mnacheka, lakini betri moja ya namna hiyo iliwasha trekta misimu miwili.

Mzee Ntakiye aliweza kuandika jina lake tu, lakini alinilazimisha mimi niandike. Kila nati niliyofungua niliichora: imetoka wapi, ilishika waya gani, ilikaza kiasi gani. Nilimuuliza kwa nini, nami nakumbuka kila kitu. Alinijibu, "Kesho utakuwa na uhakika. Huo uhakika ndio utakaotuunguzia trekta."

Basi, betri ilipofika kutoka Dar nilikuwa na uhakika. Nilisafisha vipande vya shaba vinavyounganisha seli mpaka viking'aa, nikakaza nati zote kwa nguvu sawa, nikabandika vipima joto mahali pake, nikarudisha feni, nikarudisha plagi ya chungwa. Majirani watatu walikuja kutazama. Nilibonyeza swichi. Pembetatu nyekundu iliwaka, na gari likakataa kuwa tayari.

Siku moja na nusu, vijana. Siku moja na nusu nilifungua na kufunga, nikapima kila waya, nikaanza kumlaumu aliyetuuzia betri. Mwishowe nilipokwenda kuichomoa tena ile plagi, ilitoka kirahisi mno. Nikakaa nayo mkononi. Nikafungua daftari. Plagi ile inarudishwa kwa hatua tatu: unaisukuma ndani, unainua mkono wake, kisha unaubonyeza ule mkono chini mpaka usikie mlio. Mimi nilikuwa nimeandika mbili. Nilipotafsiri kitabu, hatua ya tatu ilikuwa juu ya ukurasa wa pili nami sikugeuza. Nilibonyeza, ukalia *kach*, gari likawa tayari kimya kimya kama magari hayo yanavyofanya, na mimi nikapiga kelele peke yangu mpaka mama wa genge jirani akaja na ndoo ya maji akidhani naungua.

Kwa hiyo la kwanza, taa zikirudi mara tu baada ya kubadilisha betri, jitafuteni wenyewe. Angalieni plagi, vipima joto, nati iliyosahaulika, na ile betri ndogo ya volti kumi na mbili ikiwa imechoka, maana ikichoka inawasha taa za uongo kila upande. Mara nyingi kosa ni la mikono iliyogusa mwisho.

Nililijaribu gari kwenye lami, kupitia Lembeni mpaka Mwanga na kurudi. Hakuna taa. Nikarudia kesho yake, hakuna taa. Nikampigia Mzee Mbonea aje alichukue.

Siku tatu baadaye alirudi, na pembetatu imewaka.

Nikachomeka mashine ya kusoma makosa. Mashine iliniambia kwamba betri imenyonywa chaji kupita kiasi. Haikuniambia kwa nini. Mashine hizi hazisemi kwa nini, na fundi anayelisahau hilo atauza vipuri vingi na kutengeneza magari machache. Nilipima seli jozi kwa jozi, jozi kumi na nne, nikaandika. Nikaliacha gari likinguruma mpaka betri ikajaa, nikafuta makosa, nikaenda tena Mwanga. Safi kabisa. Akalichukua, akapanda Bombo, akashuka, akarudi kwangu na taa zilezile. Nikapima, nikaandika, nikajaza, nikaenda Mwanga. Safi. Akapanda. Akashuka. Taa.

Sasa zilikuwa zimebaki siku kumi. Mzee Mbonea alikaa kwenye tairi mbele ya gereji akasema mkewe amelitazama gari na kutoa hukumu: mwanangu hapandi kitu kinachokonyeza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama sina gundi nyeusi ya utepe, kipande kidogo tu, cha kubandika juu ya taa siku hiyo moja.

Sikumkasirikia. Nilimweleza jambo ambalo sikupenda kulieleza. Ruksa ya biashara huria ilipokuja na magari ya mtumba yakaanza kumiminika, yalikuja na taa ambazo sisi wa malori ya zamani hatukuzizoea. Watu hawakuleta ugonjwa gerejini, walileta taa. Fundi, zima hii. Mwenye gari mmoja alinibana sana, nami nikachomoa balbu ya oili, akaondoka amefurahi. Injini yake iliganda kabla ya Lembeni. Alirudi kwa miguu sehemu ya njia, akanikuta nakula, akasimama mlangoni akanitazama tu mpaka nikaisukuma sahani kando. Tangu siku hiyo sijaificha taa ya mtu.

Mzee Mbonea alisikiliza, akasema, "Basi tafuta. Lakini tafuta haraka."

Jioni ile nilifungua daftari nikaweka vile vipimo vitatu sambamba. Angalieni hili vizuri, maana ndilo lenye faida kwenu kuliko mengine yote. Betri gonjwa ina jozi moja au mbili zinazobaki nyuma. Nyingine ziko juu, hizo zimelala. Betri ya Mzee Mbonea ilikuwa chini, lakini jozi zote kumi na nne zilikuwa chini kwa pamoja, zimelingana kama wanafunzi mstarini. Huo si ugonjwa. Hiyo ni njaa. Kuna mahali kati ya Bombo na Same betri nzima kabisa ilikuwa ikinyimwa chakula, nami kwa wiki mbili nilikuwa nikilijaribu gari barabara ya Mwanga, ambako halijawahi kuugua.

Nilifunga gereji nikapanda naye Bombo. Njia nzima nilitazama kioo cha katikati kinachoonyesha picha ya betri yenye vizingiti vinane, yaani mistari minane ya kiasi cha chaji. Mlima ulimenya vizingiti, tambarare ikarudisha, kila kitu kama kitabu kinavyosema. Kwake nilikula makande na Mama Nakiete akanihoji kama hakimu. Nakiete mwenyewe alikaa kwenye kiti cha mbao, miguu imevimba, akasema yeye hajali taa, anachotaka ni gari lenye kiti kinacholala nyuma. Mama yake akamwambia anyamaze, watu wazima wanazungumza mambo ya umeme.

Asubuhi tuliondoka tukiwa na vizingiti sita. Barabara ilipoanza kuinama, Mzee Mbonea, akiendelea kunieleza habari za bei ya tangawizi, alinyoosha vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye kijiti cha gia, kifupi kama kidole gumba, akakisogeza pembeni. Gari likalia mlio mmoja. Kwenye kioo yakatokea maandishi ya Kijapani, mstari mzima, yakabaki hapo.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Mkono wako."

Aliutazama mkono kana kwamba ni wa abiria. "Aa. Nimeweka frii. Mteremko huu, ungetaka niweke nini?"

"Na huo mlio, na hayo maandishi?"

"Hayo ni ya kila siku. Tukianza kushuka linalia, linaandika kwao. Nadhani linatutakia safari njema."

Nilimwomba aendelee vilevile, asibadilishe kitu. Nikatoa kalamu. Kona kwa kona niliandika vizingiti: sita, tano, tano, nne. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi na kiyoyozi kinafanya kazi, feni inavuma, redio inaimba, na vyote hivyo vilikuwa vikinywa kwenye betri ile ile. Tatu. Tulifika bondeni na vizingiti viwili, rangi imegeuka. Kabla ya Kisiwani, pembetatu nyekundu ikawaka mbele yetu.

Nilipiga dashibodi kwa kiganja nikacheka kwa sauti. Mzee Mbonea alisimamisha gari. Aliniambia baadaye kwamba alifikiri jua limenipata.

Elezeni wateja wenu hivi, kwa maneno haya haya kama mnataka. Haibridi ikiwa kwenye gia na inateremka, magurudumu yanaizungusha mota, mota inageuka kuwa jenereta, na mlima wote unaingia kwenye betri. Mteremko ndio mlo wake mkubwa. Ukiweka frii, yaani gari halimo kwenye gia yoyote, umekata uhusiano kati ya magurudumu na chaji: hata injini ikinguruma, haiwezi kujaza kitu. Gari linajua hivyo, ndiyo maana lililia na kuandika. Lilikuwa likimwomba atoe frii, kila safari, kwa lugha ambayo hakuna mtu Bombo aliyeisoma. Nilithibitisha pale pale: nilimwambia arudishe gia, maandishi yakatoweka, aweke frii, yakarudi. Tulifanya hivyo mara tano kando ya barabara. Ya nne na ya tano hazikuhitajika, ni furaha tu.

Lakini Mzee Mbonea hakufurahi. Aliniuliza ni nani aliyemfundisha kuteremka na frii.

Nilijua jibu. Miaka ya shida petroli na dizeli vilikuwa vya kibali kama betri. Malori ya kahawa yalishuka milimani na frii ili kuokoa lita mbili tatu za kupandia tena, na dereva aliyefika bondeni na mafuta mengi alionekana shujaa. Wengine hawakufika, breki ziliungua. Sisi mafundi tungepaswa kuwakataza. Badala yake tulikuwa tukiwakazia breki vizuri ili waweze, na tukawaambia jinsi ya kuufanya mchezo ule kwa usalama, kona ipi uachie, ipi ushike. Mimi ndiye niliyemweleza Mbonea, nikiwa kijana mwenye kujua kila kitu, na alikuwa amenishukuru.

"Ni mimi," nilisema.

"Ni wewe," alisema. "Sasa nifundishe nyingine."

Nilimfundisha. Kijiti kile kina herufi B, ya kuteremkia: gari linajishika lenyewe, breki zinapumzika, betri inakula. Kesho yake tulipanda tena kwa ajili ya kushuka tu. Katikati ya mlima betri ilikuwa imejaa, na gari, likiwa halina pa kuweka umeme zaidi, likaanza kuzungusha injini kwa kishindo ili lijishike. Mzee Mbonea aliruka kwenye kiti. Masikioni mwake injini inayovuma mteremkoni ni petroli inayomwagika. Nilimwonyesha kwenye kioo kwamba matumizi ni sifuri, injini inazungushwa na magurudumu, haichomi kitu. Alielewa. Si mtu mgumu wa kuelewa. Alirudia maelezo yangu neno kwa neno, vizuri kuliko mimi.

Na kwenye kona iliyofuata, vidole viwili vikanyooka, kijiti kikasogea, mlio ukalia.

Hakujua. Nilipomwambia aliapa kwamba hajagusa. Ikatokea tena chini kidogo, tena penye daraja, tena karibu na bonde. Mara nne. Kichwa kilikuwa kimekubali tangu jana, lakini mkono ulikuwa na miaka arobaini yake mwenyewe. Tulifika na vizingiti vitano na hakuna taa, lakini ilikuwa bahati. Siku hiyo tulikuwa wawili tu na kiyoyozi nilikizima. Nilikuwa nimetengeneza betri, feni na plagi. Sikuwa na spana ya mkono ule, na zilikuwa zimebaki siku nne.

Mzee Mbonea alimweleza mkewe mwenyewe, mbele yangu, bila kujitetea. Alimwambia gari ni zima, fundi amelitengeneza, ubovu uliobaki ni huu, na akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza katikati ya vikombe. Mama Nakiete aliutazama. Aliniuliza swali moja tu: hicho kijiti kikiwa mahali pake, kuna taa itakayowaka? Nikasema hakuna. Akaniuliza tena, nikiwa namtazama usoni. Nikasema hakuna.

Asubuhi ya safari Nakiete alikaa nyuma, kiti kimefungwa mto, na mimi kando yake na mashine yangu magotini. Kiti cha mbele alikaa Mama Nakiete. Alijifunga mkanda, akajifunika kitenge magotini, kisha akaweka kiganja chake cha kulia juu ya kijiti cha gia na kukifumba.

Mzee Mbonea alimtazama. "Mama Nakiete, mimi ndiye dereva. Nahitaji kushika gia."

"Imeshashikwa," alisema. "Niambie herufi, nitaiweka."

Alishika usukani kwa mikono yote miwili. "B."

Akaiweka B.

Kwenye kona ya kwanza vidole viwili vilikuja. Vilikuta kiganja, vikasita hapo juu ya vidole vyake kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake, vikarudi kwenye usukani. Yeye hakugeuka hata kumtazama. Kona ya tatu vikaja tena. Niliandika. Vilikuja mara kumi na moja mpaka bondeni, na kila mara vilirudi haraka zaidi, na Nakiete akaninong'oneza kwamba hajawaona wazazi wake wameshikana mikono namna hiyo tangu azaliwe.

Vizingiti vilipanda badala ya kushuka. Sita, saba, nane. Injini ikavuma kwa kujishika, Mzee Mbonea akakaza taya, akaiacha ivume. Bondeni tulifika na betri imejaa, picha yote ya kijani, na mimi nilikuwa nikiandika kwa haraka ya furaha kiasi kwamba mwandiko wa ukurasa ule siwezi kuusoma leo. Tulipita mahali ambapo pembetatu ilikuwa ikiwaka. Tulipita Kisiwani. Vumbi, kiyoyozi, redio, watu wanne na mizigo ya hospitali, na dashibodi haikuonyesha kitu.

Langoni pa hospitali Mzee Mbonea alisimama. Alisema, sasa toa mkono niweke paki. Mama Nakiete aliuliza paki inabonyezwa wapi, akabonyeza mwenyewe, akahakikisha herufi imewaka, ndipo akakifungua kiganja. Vidole vilikuwa vimekakamaa, akavinyoosha kimoja kimoja juu ya kitenge. Kisha akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akampa binti yake mkono huohuo aushike.

Mtoto alizaliwa siku ya tano, kwa upasuaji, msichana, mzima, na mama yake mzima. Mzee Mbonea alinipigia simu akiwa Bombo. Kabla sijampongeza alikuwa ameshaanza kunieleza kwamba ameteremka jana na kurudi, peke yake, betri vizingiti vinane, taa hakuna. Nilimuuliza amewezaje. Akasema ni rahisi, ameendesha kwa mkono wa kulia, polepole, na wa kushoto ameukalia.